Herufi za Dada Tusekile

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha kwenye baraza ya duka la Mzee Hirji, Mbeya mjini, msimu wa baridi, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati na pasi ya mkaa inafuka pembeni. Baba alikuwa ameshafariki. Dada yangu Tusekile alidarizi majina kwenye sare za khaki, nami nikitoka shule nilimbania kitambaa kwenye fremu ya mbao, na chini yake karatasi ya mfuko wa sukari. Khaki ilitaka kuvutwa hadi ikaze kama ngoma, na hakuna aliyeivuta kama mimi. Sifa hiyo ilinilevya.

Kisha zikaja jezi za timu ya Mbalizi, za nailoni nyepesi ambayo upepo tu uliipeperusha. Mzee Hirji alimwekea dada moja mezani. “Binti, hii ikitoka safi, cherehani utaikalia wewe siku zote. Ikiharibika, namwita fundi wa Iringa.”

Dada akanigeukia. “Gwe, hii haivutwi. Ilaze tu, kama unamfunika mtoto.”

“Dada, unanifundisha kazi yangu?”

“Haya, fundi mkuu!” Akacheka, akaenda kupuliza mkaa.

Nikavuta. Ndani ya fremu herufi zilitoka za kupendeza, kingo zimenyooka, hata Mzee Hirji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilipofungua fremu, nailoni ikanywea, nyuzi zikabaki zilivyo, na jina zima la Mbalizi likakunjamana kama utando wa maziwa.

“Ulivuta?” dada akauliza taratibu.

“Hapana, dada.”

Akaitazama mikono yake. Mzee Hirji hakuwa mtu mbaya. Akampa jezi ya pili. Hapo ndipo ninapojichukia. Ningeilaza, herufi zingenyooka na uongo wangu ungeonekana. Nikavuta tena.

Fundi wa Iringa alikuja. Dada akaenda Madibira kupalilia mpunga, na mpunga huo ndio ulionisomesha sekondari. Hakugusa tena cherehani, hata kushona kiraka.

Siku hizi vijana wa mjini wanadarizi kwa mashine za kompyuta. Nimesimama madukani mwao nikiwatazama: wanaweka karatasi, wanakilaza kitambaa bila kukivuta, wanabonyeza, na jina linatoka limetulia. Mwaka huu nilimpelekea mjukuu wa dada jezi ya namna hiyo. Dada, ambaye sasa haoni vizuri, alizipapasa zile herufi kwa kidole, moja baada ya nyingine, akageuza ndani, akapapasa na huko.

“Safi,” akasema. “Wenzetu wamejaliwa mikono. Yangu ilikuwa mibaya tangu mwanzo, si unakumbuka?”

Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima ili nimwambie.

“Nakumbuka, dada,” nikasema.