Mtetezi wa Ng'ombe

Chuoni tulifundishwa kwamba somo lina malengo matatu: mwanafunzi ajue kitu, aweze kufanya kitu, na moyo wake ubadilike kidogo. Lile la tatu lilipewa mhadhara mmoja tu, Ijumaa mchana, na nusu ya darasa ilikuwa imeshaenda zake. Mimi nilibaki, kwa hofu kwamba lingetoka kwenye mtihani. Halikutoka. Lakini lilinifuata mpaka shule ya msingi iliyo kati ya Garsen na Tarasaa, nilikopelekwa kuwa mwalimu mwanagenzi wa Kiswahili, na huko likakataa kunipa raha. Moyo wa mtoto unausahihishaje? Kwa kalamu nyekundu?

Tulipofika kwenye mdahalo, nikafikiri mno, kama ilivyo desturi yangu. "Mwalimu ni bora kuliko daktari" nimeusikia tangu nina meno ya utoto. Nilitaka kitu cha kwao. Watu wa huku ni wa mashamba au wa mifugo, basi nikaandika ubaoni: "Mkulima ni muhimu kuliko mfugaji." Papo hapo nikaogopa. Nikiwagawa kwa makwao, si nitakuwa nimechochea vita? Lakini hilo nalo nilikuwa nimeshaliwazia: walio upande wa mlango wamtetee mkulima, walio upande wa madirisha wamtetee mfugaji. Mstari unaopita katikati ya darasa hauna kabila. Nilijipongeza kimoyomoyo.

Nilipotangaza, darasa likatazamana. Kisha likaangua kicheko.

"Mwalimu," akauliza mvulana mmoja wa mlangoni, "sisi ndio tutetee jembe?"

Ndipo nikaona. Watoto wa wafugaji huchelewa kidogo asubuhi kwa sababu ya kushughulikia ndama, kwa hiyo hukuta viti vya mlangoni tu. Watoto wa wakulima huwahi, na huchukua madirisha penye upepo. Nilikuwa nimejizoeza sana kutowatazama kwa jicho la huyu wa wapi na yule wa wapi, hata sikuona kilichokuwa mbele ya pua yangu. Mstari wangu ulikuwa umewagawa barabara, tena kinyumenyume.

"Basi tubadilishane," nikasema haraka.

"Aa, mwalimu, ushasema!" wakajibu pande zote mbili kwa pamoja. Ndilo jambo la kwanza walilowahi kukubaliana tangu nifike.

Upande wa madirisha wakamchagua msichana mmoja awe msemaji wao, kwa kuwa mdomo wake hauna breki. Yeye hakucheka. Msimu uliopita ng'ombe waliingia shambani mwa mamake wakamaliza mahindi yalipoanza kubeba. Habari hiyo niliijua vizuri, maana mamake ndiye aliyekuwa akiniuzia mboga sokoni Garsen. Msichana akalaza kichwa juu ya dawati. Nyuma yake mtu akalia, "Mbuuu! Mtetezi wa ng'ombe!"

Jioni hiyo ugali ulipoa mbele yangu. Nimemsimamisha mtoto wa watu atetee kilichomlia chakula chake. Mamake akija kunisema, nitamjibu nini? Kwamba ni lengo la tatu?

Asubuhi nikamwita kando nimwambie nitamtafuta mwingine.

"Wamenichagua, mwalimu. Nikikataa watasema nimeogopa ng'ombe."

"Na mama anasemaje?"

"Sijamwambia."

Lakini wakati wa mapumziko nilimsikia akimhoji yule mvulana wa mlangoni, ambaye sasa alikuwa msemaji wa wakulima.

"Ng'ombe wenu kiangazi wanakunywa kila siku?"

"Wee! Leo ndiyo, kesho hapana."

"Na hiyo kesho inakuwaje?"

"Wanalia. Hata baba halali."

Msichana akainama akaokota kopo. "Na wewe unayejifanya mkulima, ushawahi kumwagilia hata mchicha?" Akamtupia lile kopo, akamwonyesha kibustani cha darasa. Mvulana akakimwagilia wiki nzima, huku wenzake wakimwita bwana shamba.

Siku ya mdahalo ilipofika, nilitazama dirishani nikamwona mama wa mboga amesimama nje, leso mabegani, mikono imefungwa kifuani. Nani alimwambia? Sikuweza kuuliza.

Mvulana akaanza. "Mheshimiwa mwenyekiti, ukulima ni kazi ngumu. Jana mbuzi aliingia kwenye mchicha wangu. Nilimfukuza kwa fimbo, nikamtukana yeye na mwenyewe. Alipogeuka nikaona alama ya sikio. Ni mbuzi wetu! Kumbe nimemtukana babangu!"

Darasa likafa kwa kicheko. Hata mama wa dirishani alitazama pembeni, mdomo ukimcheza.

Kisha msichana akasimama. Hakumtazama mamake.

"Mheshimiwa mwenyekiti, ng'ombe walikula mahindi yetu. Nilitaka wafe wote." Hakuna aliyelia mbuu. "Lakini wiki hii nimeuliza. Walikuwa hawajanywa, na walisikia harufu ya mto. Malka yao, ile njia ya kuteremkia majini, ilikuwa imelimwa. Watu wengi wameilima. Na sisi tumo. Kiu haizunguki shamba la mtu. Kwa hiyo mfugaji ni muhimu, na apewe njia." Kisha akaongeza: "Mahindi bado yananiuma. Nimemaliza."

Mwenyekiti akaita kura. Hapo mambo yakaharibika kabisa, maana kila upande ulikuwa umesahau unatetea nini. Watoto wa mifugo waliinua mikono kwa mkulima, wakaishusha, wengine wakainua yote miwili. Kengele ikatuokoa. Nilipotazama dirishani, mama hakuwepo.

Jumamosi nilizunguka soko kutafuta mboga kwingine. Garsen si kubwa kiasi hicho.

"Mwalimu! Unanikimbia?"

"Hapana, mama. Nilikuwa... napitapita."

"Wewe ndiye uliyemfundisha mwanangu kuwatetea ng'ombe mbele za watu."

Nikaanza hotuba niliyoiandaa siku mbili, ya mstari, ya milango na madirisha. Akanikatiza kwa fungu la mchicha alilonisukumia kifuani.

"Nyumbani hatulali. Kila tukila, ananiuliza malka ilipita wapi kabla ya mahindi yetu. Nikamwonyesha, ili anyamaze."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Ng'ombe bado siwapendi. Sikiza vizuri, siwapendi." Akageuza mafungu yake, akayapanga upya ingawa yalikuwa yamepangika. "Lakini mwenye ng'ombe alipita hapa asubuhi. Tangu mahindi yale, hatukuwa tukisalimiana. Leo nimemsalimia."

Nilitaka kumuuliza: kwa mkono, au kwa mdomo tu? Na yeye aliitikiaje, kwa moyo au kwa adabu? Nikajizuia. Nikalipa mchicha wangu, nikaondoka upesi kabla sijaiharibu ile salamu kwa maswali.