Herufi ya Miguu Miwili

Kwa miaka thelathini Keziah Arkle aliwafundisha kusoma watoto wa bonde la Swaledale, ila mumewe Reuben, mfuga kondoo, hakukubali kujifunza hata herufi moja. Uzeeni mama huyu alipata kazi isiyo na mshahara, akaipenda kuliko zote: kusoma vitabu vya kale na kunakili maneno kwenye vikaratasi, kwa ajili ya kamusi kubwa iliyokuwa ikitungwa mjini.

Asubuhi moja ya Oktoba ikaja barua ya mhariri. Kwa bahati mwandiko ulikuwa mkubwa. Mhariri alimshukuru kwa kikaratasi cha "sheen", neno la washairi lenye maana ya mng'ao. Zamani, alieleza, halikuhusu mwanga hata kidogo. Lilimaanisha uzuri, kitu kinachopendeza kutazamwa. Watu walilisikia likifanana na "shine", yaani kung'aa, wakadhani ni ndugu, na kosa lao likashika.

"Lakini tuhakikishie," aliandika, "kitabuni ni sheen au sheer? Hilo la pili nalo lilimaanisha kung'aa. Tazama tena herufi ya mwisho."

Atazame kwa macho gani? Tangu kondoo walipozaa mwezi wa Aprili, ukungu ulikuwa umemtanda machoni, na hakuwa amemwambia mtu. Alikipeleka kitabu dirishani, akakisogeza hadi puani. Herufi ilikuwa doa tu. Akibahatisha, uongo wake utachapishwa na kudumu. Akikiri, watamfuta kwenye orodha ya wasomaji, abaki wa kumenya viazi.

Reuben akaingia na matope yake.

"Leo unakinusa kitabu, mwalimu?"

"Acha utani, njoo hapa. Neno hili nililolipigia mstari. Herufi ya mwisho ina miguu mingapi?"

"Ndiyo nimeanza shule?"

"Mingapi, Reuben?"

Akamsogezea kitabu. Mzee akainama.

"Miwili."

"Basi ni n, si r. Una hakika?"

"Nimehesabu miguu ya kondoo maisha yangu yote, bibie." Akainua kichwa. "Kwa nini unaniuliza mimi?"

Keziah akakifunga kitabu.

"Keziah. Huoni?"

"Sioni vizuri. Nisamehe."

"Na mimi je? Mimi unaniona?"

Akamgeukia. Reuben alikuwa amesimama mbele ya dirisha, na mwanga wa asubuhi ulimzunguka kichwa chote. Akamtafuta macho, akamtafuta pua, akautafuta ule mdomo wa utani. Aliona mng'ao tu.