Vidonge vya Ujirani

Zama za mamluki wa kigeni waliposhika visiwa vyetu, nilikuwa na mke Mutsamudu, kisiwa kingine, na godoro kwa mama, Moroni, na godoro ndilo lililokuwa likishinda. Kwetu mume huhamia nyumba ya mke. Mimi kila nikifunga mzigo, mama hupika wali wa nazi, nami nafungua. Mke wangu hunitumia salamu kwa wasafiri: "Mwambieni bwana yule, akishaota mizizi anitumie matunda." Nami hucheka, kisha namkumbuka mpaka chai inapoa mkononi.

Ndipo ikaja habari: ana homa ya matumbo, na dawa hazimsaidii.

Mama akanipa kopo la vidonge. Mtaani kwetu Badjanani vidonge vilikuwa kama chumvi: ukipata nafuu, vilivyobaki unampelekea jirani, naye humeza viwili na kumpa mwingine.

"Vipeleke vyote, mwanangu. Hakitakosa kimoja cha kumfaa."

Kwenye kizuizi cha Itsandra, njia ya uwanja wa ndege, mamluki mmoja alilifungua kopo, akanusa, akanirudishia. Yeye alishuku bomu. Mimi nilikuwa naogopa ndege.

Hospitalini Mutsamudu, daktari kijana wa huko huko alivimwaga vidonge mezani.

"Shemeji, kumbe na Moroni ni yale yale! Hapa pia mtaa mzima umemgawia mkeo. Dozi nusu huua vijidudu dhaifu, huacha vikali. Na vikali ni karimu."

"Karimu vipi?"

"Sisi nyumba hurithiwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Vijidudu havingoji kuzaa. Kidudu cha tumboni kisicho na ubaya wowote humpa yule wa homa kipande cha urithi wake, chenye ujuzi wa kuishinda dawa. Wala si ndugu."

"Majirani wema."

"Mno. Nitajaribu sindano ya dawa nyingine. Nayo ikishindwa, sina tena."

Nikakaa kando ya kitanda cha mke wangu. Mkono wake ulikuwa wa moto, mwepesi kama kitambaa. Mimi niliyeahirisha safari kwa ajili ya wali nilimwomba Mungu anirudishie kejeli zake, hata moja, hata ile mbaya kabisa.

Sindano ikashika. Siku kadhaa baadaye homa ilishuka, akafumbua macho, akanitazama sana.

"Umekonda," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Kwani mgonjwa nani?"

Sikurudi Moroni. Tuliishi miaka mingi, akinicheka kila asubuhi, mpaka alipotangulia. Siku hizi watoto wetu wananiheshimu mno. Nyumba nzima hakuna wa kunitania.