Simu ya Saa Nne kwa Mzee Mgaya

Leo saa nne asubuhi nimempigia simu mtu tuliyemzika jana. Kidole kilikwenda chenyewe.

Akapokea mkewe, Mama Neema. "Mwanangu," akasema, "mzee wako hana ratiba tena." Nikamwomba radhi, nikamweleza ninachotaka kuandika. Kisha akaniruhusu niandike haya.

Mzee Mgaya ndiye aliyenipokea masjala, hapa Makambako, nikiwa karani mpya ninayeogopa hata kugonga muhuri. "Gonga, bwana mdogo. Karatasi haiumi."

Wengi mnajua aliugua saratani ya tezi dume, akatibiwa kwa mionzi, akapona. Wachache mnajua kwamba baadaye ilionekana nyingine kwenye kibofu. Kikatolewa, akatengenezewa kipya kwa kipande cha utumbo wake mwenyewe.

Madaktari hawakumficha. Nyama iliyowahi kupigwa mionzi hupona polepole, na kibofu chake kingeweza kuvuja zaidi kuliko cha mtu ambaye hakupitia huko. Ikawa hivyo. Mchana alikaa mkavu. Usiku alivaa pampasi, na Mama Neema alimwamsha kila baada ya saa chache aende haja.

"Kibofu cha kwanza kilikuwa kinabisha hodi," aliniambia. "Hiki hakina adabu, kinajaa bila kusema."

Ndipo nikawa reminder wake, wa kumkumbusha kwenda haja ndogo. Kila baada ya saa tatu nampigia, nakata. Naye anafunga faili: "Jamani, naitwa wizarani."

Mama mmoja pale kaunta akauliza, "Wizara gani hiyo iko nyuma ya jengo?"

"Ya Maji," akajibu, akaenda zake.

Miaka minne aliishi hivyo. Alilima, alimwoza Neema, alinifundisha kazi.

Sharti jingine lilikuwa maji ya kunywa, mengi, kila siku. Utumbo hutoa ute hata ukigeuzwa kibofu, na ute usiposafishwa na maji huziba njia.

Lakini alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili ya mavuno ndiye mnadi wetu. Mnajua mnada wetu baada ya ibada: mahindi, maharage, kuku, mpaka jua linageuka. "Jogoo huyu ameshabatizwa! Nani anampeleka nyumbani?" Watu walicheka hadi nje.

Jumamosi ya kuamkia mavuno ya mwaka huu aliniambia, "Kesho usinipigie. Nikitoka katikati ya mnada watasema mzee ana nini."

Sikupiga. Mimi hutii ninachoambiwa. Sikujua kwamba tangu jioni ile hakunywa hata kikombe cha chai, ili asitoke.

Jumatatu alikuja na makoti mawili. "Upepo wa Makambako tu huu." Jumanne alitetemeka mpaka kalamu ikamwanguka, na mkojo ulikuwa hautoki. Tukampeleka hospitali Njombe. Wakamwekea mpira wa mkojo, wakamtundikia dawa, lakini maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Alhamisi akatutoka.

Jana makaburini mtu nyuma yangu alisema, "Operesheni ile ndiyo imemmaliza." Baba yangu alikuwa amesimama pembeni yangu. Alikuwa amekuja mazikoni kutoka kijijini Mahongole; naye alitibiwa saratani ya tezi dume, naye ana tarehe ya kutengenezewa kibofu. Akanigeukia: "Umesikia? Mimi siendi."

Jioni nilimweleza yote, hata ile simu ambayo sikuipiga.

"Kwa hiyo kilichomuua ni kuona haya," Baba akasema.

"Na kutii kwangu, Baba."

"Hiyo miaka minne, alikuwa anakwenda haja mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akauchochea moto. "Basi tutakwenda. Ila nikirudi, kanisani nakaa karibu na mlango. Na wewe utanipigia hata nikikukataza."

Ndugu zangu wenye baba na babu waliopita njia hii: wapeni maji, na mkiwaona wanatoka katikati ya ibada, wapisheni tu.

Mzee Mgaya, nisamehe Jumapili ile. Namba yako sijaifuta, ila sitaipiga tena. Miaka minne hukuwahi kulala usiku mzima. Sasa hakuna wa kukuamsha. Lala, Mzee wangu, mpaka asubuhi.