Mama Dirisha na Wazee Kumi na Wanne

Alizaliwa mwaka 1948, katika wiki ya baridi kali, mtoto wa nne wa seremala na mshona nguo. Dada yake mkubwa ananiambia alizaliwa asubuhi, dirisha likiwa limefungwa. Kaka yake anaapa lilikuwa wazi. Nimeandika yote mawili, maana ndivyo kila jambo la mama huyu lilivyo: ukilishika huku, linachomoka kule. Jina lake la ubatizo limo katika kitabu cha parokia, lakini waamini hawalitumii. Wanamwita Mama Dirisha, nami nitamwita hivyo hivyo.

Alipokuwa na miaka tisa, wadogo zake wawili waliingiziwa jiko la mkaa chumbani ili wapate joto. Mlango ukafungwa, nyufa zikazibwa kwa matambara. Hawakuamka. Yeye mwenyewe hakuwahi kulisimulia. Nimelijua baada ya kumzika, na linaniuma kwamba sikulijua mapema.

Mwaka 1979, akiwa mjane, aliitwa kwenye nyumba ya wazee ya parokia yetu kufua mashuka kwa wiki tatu, kwa kuwa dobi wa pale alivunjika mkono. Alikaa miaka thelathini na moja. Wanaokumbuka siku ile wanasema chumba kilikuwa kirefu, chenye vitanda kumi na vinne, mashuka mabichi yameanikwa kwenye kamba juu ya vichwa vya watu, ukungu mweusi umepanda ukutani hadi usawa wa mito, na wazee wanakohoa kwa zamu. Alisimama mlangoni akasema, "Hapa hewa imechoka." Akafungua madirisha yote sita. Tangu hapo, kila siku saa nne asubuhi, hata baridi iwe kali vipi, yalifunguliwa kwa nusu saa. Mashuka yalianikwa nje. Beseni la maji ya moto na sabuni liliwekwa mlangoni, na hakuna aliyepita bila kunawa. Hata askofu alinawishwa. Mwaka uleule aliahidi mbele ya altare kumtii paroko katika mambo yote ya nyumba ile.

Wazee hawakumpenda. Aliyeongoza kwa kumchukia ni Fundi Saa, mzee aliyetengeneza saa za watu kwa miaka hamsini, na ambaye sasa kifua chake kilipiga mluzi.

"Binti, wewe una haraka gani ya kunizika?" alimwambia kila asubuhi.

"Babu, unasikia baridi?"

"Sasa nisisikie kwani mimi jiwe?"

Basi alivua sweta lake, akamvisha. Dirisha hakulifunga. Mara nyingi nimeshika tama nikiliwaza hili: mtu akikulilia baridi, si unafunga dirisha?

Mwaka 1986 alikuja paroko mpya, mwenye haraka na maoni mengi. Paroko huyo ndiye mimi. Msimu wangu wa kwanza wa baridi tulizika wazee wawili, na madirisha yalikuwa yakifunguliwa kila siku. Nikaona nimempata mchawi. Baridi ya mwaka uliofuata ilipoanza tu, nilimwita ofisini nikamwambia kuanzia kesho madirisha yafungwe na jiko la mkaa liwashwe.

"Baba, hiyo ni amri?"

"Ni amri, Mama."

Alinitazama kama mtu aliyesahau njia ya kwenda kwake. Alishinda kanisani mpaka jioni, huku mashuka yamelala kwenye beseni, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nilidhani ni kiburi kinamtoka taratibu. Kumbe ndani yake ahadi yake ilikuwa ikishindana na wale wadogo zake wawili.

Kesho yake saa nne nilikwenda kukagua. Madirisha sita yamefungwa, makomeo yameshushwa. Vitanda kumi na vinne vitupu. Nilifikiri nimewaua wote kwa mkupuo mmoja. Ndipo nikausikia ule mluzi wa kifua, na Fundi Saa akilalamika, nyuma ya ukuta. Nikazunguka. Walikaa juani kwenye mabenchi, kila mmoja ndani ya blanketi lake, jiko linawaka katikati. Wasioweza kutembea alikuwa amewabeba mgongoni, mmoja mmoja.

"Madirisha yamefungwa, Baba," aliniambia, akihema. "Na jiko limewashwa. Hukusema liwashwe wapi."

Sikujua nicheke au nikasirike. Nilivuta kiti nikakaa. Je, alinitii au hakunitii? Nilimwandikia mwanasheria wa jimbo. Alijibu kurasa mbili na kumalizia kwa alama ya kuuliza. Jumapili iliyofuata niliiondoa amri yangu, lakini wazee waliendelea kutolewa nje kuota jua hadi baridi ilipoisha, na msimu ule hatukuzika mtu. Waamini wanasema ni muujiza. Daktari anasema ni hewa, jua na sabuni. Wapo wanaosema jiko lile halikutoa moshi, na huko ni kutia chumvi, kwa maana macho yalinitoka machozi. Fundi Saa aliishi miaka tisa zaidi, akilalamika yote tisa.

Mama Dirisha alifariki mwaka 2010, katika baridi, kwa homa ya mapafu, kwenye kitanda cha karibu na dirisha. Nilikuwa nimempaka mafuta ya wagonjwa. Ilipofika saa nne asubuhi, sisi tuliokizunguka kitanda tulitazamana. Alikuwa akitetemeka, na hakuna aliyejua la kufanya. Nikainama.

"Mama, tufungue au tufunge?"

Akanigeuzia uso. "Baba, unasikia baridi?"

Nikajibu ukweli, kwamba nasikia. Akaanza kuvua sweta lake. Alikufa mkono mmoja ukiwa umeshatoka.

Kanisa bado halijasema neno juu yake, nami silitangulii. Sweta halikuwekwa kabatini. Huvaliwa na yeyote anayelala kitanda kile. Tumwige kwa yale anayoyaweza kila mtu: kunawa mikono, kuanika nguo nje, kutoa jiko chumbani, kuwatoa wazee wetu nje waote jua. Kuhusu dirisha, siku ile nililiacha nusu wazi, na mpaka leo nimechanganyikiwa. Kuhusu sweta, hapana.