Mikono Ndani ya Leso

Muwasho wangu ulianza mahali padogo, ubavuni mwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mwanzo palikuwa pakiwasha tu, bila kuonekana kitu. Kesho yake vikatoka vipele vya maji, vidogo vidogo, vimesongamana. Nikavikuna vikapasuka, ngozi ikakauka, ikachanika, na mpasuko ukawa unauma kila nikikunja kidole. Baadaye pakapona pakawa laini kabisa. Nilipoanza kupasahau, vikarudi, safari hii kwenye vidole vitatu.

Kwetu ni Kibuyuni. Nilipomaliza darasa la nane nilibaki nyumbani nikimsaidia mama kazi ya mwani. Maji yakitoka sana tunashuka, tunafunga miche kwenye kamba, na maji yakirudi nasi tunarudi. Kazi yangu ya pili ni kuchora. Pakiwa na harusi au Idi, wanawake huniita niwachore mikono na miguu. Sikufundishwa na mtu, nilianza kwa kuchora mchangani kwa kijiti.

Mimi si msemaji. Nikiingia nyumba ya watu natoa shikamoo kwa sauti ambayo mara nyingine haifiki, na wenyewe hunisamehe kwa sababu ya hiyo mikono. Walikuwa wakinitania kwamba mdomo wangu umefungwa kwa kamba ya mwani lakini kidole kinasema. Niliupenda utani huo. Nikiwa nimeinama juu ya mkono wa mtu sikudaiwa neno lolote, na bado nilikuwa mmoja wao. Kwa hiyo muwasho ulipokuja hapo hapo mikononi, niliogopa kuliko ambavyo ningeogopa maradhi makubwa mahali pengine. Nani atampa mkono wake mchoraji mwenye vipele?

Nikaanza kuificha mikono. Nilijitanda leso na mikono nikaiweka ndani yake. Wakubwa walipoupokea mkono wangu katika salamu niliwapa ncha za vidole tu, kisha nikaurudisha upesi. Mama aliniambia kwamba watu wataniona nina kiburi. Afadhali kiburi, nilijiambia.

Mama aliona hatimaye, akanipeleka zahanati. Muuguzi aliigeuza mikono yangu huku na huku, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema mwani. Akauliza kama kuna jingine. Nyuma yangu benchi lilikuwa limejaa watu wa kwetu wamekaa kimya wanasikiliza, na kusema kwamba mimi ni mchoraji niliona ni kama kujisifu. Nikatikisa kichwa. Basi akasema huenda ni maji ya chumvi na kamba, akanipa dawa ya kupaka na vidonge vya kuzuia muwasho, akaniambia nikae mbali na bahari kwa muda.

Nikakaa mbali na bahari. Mama alishuka peke yake, na mimi nikabaki nyumbani na wasiwasi wangu. Ilikuwa miezi ile kabla ya Ramadhani ambapo harusi hufuatana, na kwa kuwa sikuwa na kazi ya mwani, nilichora zaidi kuliko wakati wowote. Mikono ikawa mibaya kuliko mwanzo. Asubuhi moja niliamka kope zimevimba hata jicho moja halikufunguka vizuri. Sikushuka majini hata mara moja. Sasa ni nini, kama si bahari?

Shangazi yangu, dada yake baba, hakuwa na shaka. Alisema mikono inayosifiwa kila harusi lazima ipate jicho la watu. Alikwenda kwa mwalimu wa madrasa nikaandikiwa kombe, aya za wino wa zafarani zilizooshwa kwa maji, maji mengine nikanywa na mengine nikaogea. Mwezi wa Ramadhani ukaandama. Kabla ya kumi la kwanza kwisha muwasho ulikuwa umetulia, na kufikia mwisho wa mwezi ngozi yangu ilikuwa imerudi. Shangazi alikuwa akiishika mikono yangu kila tukifuturu na kuwaonyesha wageni. Nami niliamini. Niliswali nikashukuru, nikaitoa mikono nje ya leso.

Hakuna aliyefikiri, wala mimi sikufikiri, kwamba Ramadhani kwetu hakuna harusi, na kwa hiyo mwezi mzima sikuwa nimegusa piko.

Hina ni majani, rangi yake nyekundu, na hukaa mkononi saa nyingi kabla ya kukolea. Piko ni unga mweusi wa kutilia nywele rangi. Unaukoroga na maji, unachora kwa kijiti, na kabla hujamaliza mguu wa pili, wa kwanza umeshakauka mweusi ti. Wasichana wa siku hizi wanautaka huo mweusi, kwa sababu hutokea vizuri kwenye picha. Na mstari ukinipotea, huwa naufuta upesi kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Macho yakiniuma kwa kuinama, nayafikicha kwa mkono huo huo.

Kwa Idi niliwachora piko watoto wa mtaa mzima. Baada ya siku chache muwasho ukarudi mahali pake. Nilirudisha mikono ndani ya leso, na safari hii nilikata tamaa. Harusi ya dada yangu ilikuwa imebaki wiki moja. Alikuwa anaolewa Majoreni, na alikuwa ameshawaambia wakweze kwamba atachorwa na mdogo wake, si na mtu wa kukodiwa.

Katikati ya wiki ile mama alinituma kwa jirani kuomba mbuzi ya kukunia nazi. Binti yake mdogo alikuwa amekaa kizingitini, mkono ameutia kwenye bakuli la maji. Nilimwuliza ana nini, akautoa. Ua nililomchorea lilikuwa limeinuka juu ya ngozi. Lote, kikonyo na majani, limejaa malengelenge. Kulikuwa na jani moja lililopinda kushoto, ambalo nalichora hivyo siku zote. Na vipele vilikuwa vile vile vyangu, isipokuwa vyake vilikuwa vimejipanga kwenye mstari wangu.

Mama yake alisema ni harara tu, joto hili. Nilimwambia ampeleke zahanati, na kwamba tutakwenda pamoja. Alinitazama kwa mshangao, kwa kuwa hakuwahi kunisikia nikimwambia mtu afanye jambo.

Safari hii nilisema kila kitu, benchi zima likisikia. Muuguzi alimtibu mtoto, kisha akaniambia kwa upole kwamba jibu lake la kwanza lingekuwa jingine laiti angejua. Alieleza kwamba unga wa piko mtu anaweza kuupaka mara nyingi asipate kitu, kisha siku moja mwili ukaukataa, na tangu hapo kila akirudia huja kwa ukali zaidi. Mwili wa nani utaukataa na lini, haijulikani mapema.

Nilirudi nyumbani. Nilikuwa namfikiria dada. Kwenye harusi moja kabla ya Ramadhani, nilipomchora piko miguuni, alijikuna siku mbili akacheka, akasema huenda ni sisimizi wa mkekani. Sasa alitaka mweusi mpaka kwenye viwiko na juu ya vifundo vya miguu.

Siku ya kumchora, chumba kilijaa. Shangazi, mama, wanawake wa jirani, na dada katikati kwenye mkeka, amenyoosha mikono. Piko ilikuwa imeshakorogwa na mtu, bakuli liko dirishani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, na yote yakanipotea.

"Dada, nitakuchora hina tupu," nilisema.

Alidhani natania. Alisema hina nyekundu ni ya mabibi, na picha je, na wakweze je. Nilimwambia piko itamwunguza. Shangazi akaingilia kwamba yeye ameipaka nywele zake miaka na miaka. Wengine wakaanza kunong'ona.

Dada akanikazia macho. "Una jicho la husuda wewe, unataka kunitupia? Siku yangu hii."

Nikaitoa mikono ndani ya leso nikaiweka mapajani mwake, juu ya mikono yake, viganja chini na kisha juu, na mipasuko yake na ukoko wake. Aliiangalia muda mrefu. Ndipo alipojikuna, polepole, juu ya kifundo cha mguu, kama aliyekumbuka kitu.

"Sisimizi gani wanaomla mtu siku mbili," alisema. Kisha akamwambia mama, "Leteni hina."

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Kamba ya mwani imekatika leo," nao wakacheka, na mimi nikacheka kidogo huku machozi yakinitoka.

Kazi ilikuwa ndefu. Hina ilikorogwa kwa ndimu ili ikolee, na ndimu iliingia kwenye mipasuko yangu ikachoma hata nikauma ulimi. Nilichora nikipumzika, nikapaka mara ya pili juu ya mistari ile ile. Shangazi alikaa kando akimpepea dada mikono. Bakuli la piko lilikaa pale pale dirishani mpaka likakauka.

Wiki nzima baada ya harusi sikutulia. Je, kama hata hina ile ilikuwa imechanganywa kitu na wauzaji? Dada alipopiga simu kutoka Majoreni, sikumwuliza habari za mume wala za nyumba. Nilimwuliza mikono yake. Akacheka, akasema bado ni myekundu, na mama mkwe anaulizia nani aliyemchora.

Siku hizi naitwa mara chache. Wengine wanataka mweusi na wanakwenda kwa mwingine. Anayekuja na pakiti yake ya piko namwambia hapana, na kila mara mdomo unakuwa mzito, kana kwamba ule mkeka wa harusi umetandikwa tena mbele yangu. Vidole vimepona. Hata hivyo, kila asubuhi kabla sijamwamkia mama, naupeleka mkono wa kulia kwenye mwanga wa mlango, nakitazama kile kidole ubavuni, na kukipapasa polepole.