Maji Yaliyopikwa Manda

Ile kazi ya kupika maji ilinichosha, hata leo nikisikia mtu anasifu mashine huondoka zangu. Mwaka ule mvua ilikatika, visima vya mji wetu wa Amu vikaingia chumvi. Ng'ambo, kisiwani Manda, Mzungu mmoja mwenye shamba la pamba alisimamisha tangi la chuma, nami nikawa mtia kuni wake. Tulijaza maji ya bahari, tukayachemsha kwa kuni za mkoko. Mvuke ulipita kwenye bomba lililojizungusha ndani ya pipa la maji baridi, ukatoka mwishoni tone kwa tone, maji yasiyo chumvi. Chini ya tangi yalibaki maji mazito, machungu, na magamba ya chumvi tuliyoyakwangua kwa mikono. Rundo zima la kuni kwa mtungi mmoja! Wallahi, nilikuwa nikirudi nyumbani sina hamu hata ya kusema.

Nyumbani mama yangu alikuwa na homa. Midomo ilimpasuka, na tabibu alituambia asipokunywa tutampoteza. Maji ya kisima yalimtapisha. Nikaomba maji ya Manda, nikapewa. Kabla ya kuyatia niliufukiza mtungi kwa ubani, kama alivyozoea kufanya mama mwenyewe. Akaonja, akatema.

"Mai yasopita mtangani si mai," alisema. "Haya ni jasho la chuma."

Kwa watu wa umri wake maji yalikuwa ya visima vya Shela, yaliyopita mtangani, yaani yaliyochujwa na vilima vya mchanga, basi; na mwaka ule navyo vilikuwa chumvi. Dada yangu alimbembeleza, jirani akamsomea dua, wapi! Kesho yake vivyo hivyo. Mama anatuzimikia mbele ya macho, na mtungi umejaa pale pale.

Mwishowe hasira zilinipanda. Nilipiga magoti kitandani pake nikamwonyesha viganja vyangu, vimechubuka kwa chumvi na kuungua. Sikuwa nimemwambia kazi yangu; yeye aliamini nachuma pamba.

"Mama, chuma hakitoki jasho. Haya nimeyapika mimi."

Aliishika mikono yangu, akaigeuzageuza. Akauliza kwa nini sikusema mapema, maana alidhani ni maji ya Mzungu. Kisha akataka kikombe. Alikunywa polepole, amefumba macho, mpaka kikaisha.

"Mabaya vivyo hivyo," alisema, akanirudishia kikombe nimwongeze.